Ndugu Yangu wa Ziwa la Kushoto

Mama alitunyonyesha wawili kwa mpigo, mimi ziwa la kulia, yeye la kushoto. Mpaka leo watu wazima wa kisiwani kwetu Jibondo wakitaka kunitania huniuliza kama nilimwachia mwenzangu hata tone, maana mimi nilikuwa bonge la mtoto wa kike na yeye alikuwa njiti. Nilimzidi miezi miwili. Mama yake mzazi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alifariki hata arubaini yake ya uzazi haijatimia, na baba yake alikuwa mtu wa safari, leo Kilwa kesho Mtwara, hana wa kumwachia kichanga. Mama alikwenda msibani amenibeba mimi, akarudi ametubeba sote. Hakumwomba mtu ruhusa, hata baba.

Katika dini yetu jambo hilo lina hukumu yake. Mtoto akinyonya kwa mwanamke akashiba, mara kadhaa, kabla hajatimiza miaka miwili, amekuwa mwanawe: hawezi kuoa binti zake, na mama yule hana haja ya kujifunika mbele yake hata akiwa mwanamume wa ndevu. Hukumu inaishia hapo. Mama yeye hakuishia hapo. Neno "wa kunyonya" nyumbani kwetu lilikuwa tusi. Shangazi yetu aliwahi kulisema mbele ya wageni, bila ubaya wowote, na mama hakumpa mkono mpaka Idi mbili zikapita. Mimi nililisema nikiwa na miaka saba hivi, tumegombea kichwa cha samaki changu, nikamwambia mwenzangu aende kwao. Kofi nililokula siku ile ninalo mpaka leo. Mama akanikalisha chini akaniambia kwao ni hapa, mama yake ni yeye, na siku nitakayosema vingine nitafute pa kulala. Sikulirudia tena neno lile, na baada ya miaka hata kichwani halikuwamo.

Alikua, akawa fundi wa kukalafati, kazi ya kuziba nyufa za mbao za chombo kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Kisiwani kwetu waunda vyombo ni wengi, lakini wa kukalafati kama yeye walihesabika, na aliitwa huku na huku, Bweni, Kilwa, hadi Rufiji. Alikuwa mpole mpaka anakera. Mimi nikiwaka yeye ananyamaza, na ukininyamazia ndiyo unazidi kuniwasha. Tuligombana kila wiki, yaani mimi nagombana na yeye ananisubiri nimalize. Alioa, akapata mabinti wawili, akajenga nyumba hatua chache kutoka kwa mama. Kila asubuhi kabla ya kazi alipita kwa mama kunywa chai, awe amepikiwa kwake au hakupikiwa.

Mimi nikawa mhudumu wa afya wa jamii. Ndio hao wanaopita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni, wakiulizia vyandarua na kliniki za watoto. Nina mdomo, nisikatae. Watu hunifungulia mlango kwa kujua kwamba nisipofunguliwa nitasemea barazani, kila mtu asikie. Ndiyo maana watafiti walipokuja kisiwani, mwenyeji wao nilikuwa mimi.

Walikuwa wakitafuta habari za homa ya ini, ile inayoletwa na virusi. Daktari aliyewaongoza, mama mmoja wa bara mwenye sauti ya taratibu, alitueleza tukiwa zahanati. Katika nyumba moja, alisema, watu wananyolewa kwa wembe mmoja, watoto wanakwaruzana na kulala mkeka mmoja. Kirusi kinawaingia wote. Wengine miili yao inakitambua na kukitimua bila hata wenyewe kujua kama waliumwa. Wengine kinawakalia kwenye ini miaka thelathini, arobaini, kimya kabisa, na siku wanayokuja kushtuka ini limeshaharibika. Walitaka kujua kwa nini. Sehemu ya jibu, alisema, pengine imo katika maumbile ambayo mtu anazaliwa nayo, vitu vidogo sana anavyochota kwa baba na kwa mama, vinavyofanya walinzi wa mwili wake wamwone adui mapema au wachelewe. Katika hilo watu hawafanani, kama wasivyofanana sura. Ndiyo maana walitaka familia nzimanzima, na sisi watu wa visiwa, tuliooana wenyewe kwa wenyewe tangu enzi za mababu, tuliwafaa.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu za familia. Tulifundishwa siku mbili. Ukurasa wa mbele unaandika watoto wa tumbo moja tu, wale aliowazaa mama huyo kwa uchungu wake. Watoto wa kulelewa, wa mume, wa ndugu, wote ukurasa wa nyuma. Daktari alilisisitiza hilo, na mimi nilikuwa mkali wa ukurasa wa nyuma kuliko yeye. Kuna bibi mmoja alitaka kunipitishia mjukuu kama mwanawe, nikambana mpaka akasema ukweli. Nikajisifu kwa daktari kwamba mimi hawanidanganyi.

Fomu ya nyumba yetu niliijaza mwenyewe, nimekaa jamvini kwa mama, na mama yuko pembeni anachambua mchele. Nikaandika kaka mkubwa, nikaandika dada, nikajiandika mimi, nikamwandika yeye, nikamwandika mdogo wetu wa mwisho. Wote ukurasa wa mbele. Daktari alipopitia aliona jina la baba ni tofauti kwa mmoja, akauliza. Nikasema baba mwingine, mama mmoja. Akauliza, mama huyuhuyu? Nikajibu huyuhuyu. Wallahi sikuwa nadanganya. Ningeulizwa niape, ningeapa.

Siku ya kutoa damu yeye alikuwa Bweni, kuna mashua ilikuwa inavuja. Akatolewa mama na sisi wanne, baba alishatangulia mbele ya haki. Ikabaki nafasi moja tupu kwenye fomu yetu.

Miezi ikapita, majibu yakaja. Daktari alifika mpaka nyumbani, akamwamkia mama shikamoo, akaketi mkekani akatueleza moja baada ya lingine. Sote watano tuliwahi kuingiliwa na kirusi kile, pengine tukiwa watoto, na sote miili yetu ilikitimua. Katika damu zimebaki alama tu. Alisema ni jambo zuri, na pengine katika familia yetu umo urithi unaosaidia, lakini hawezi kusema kwa hakika, pengine ni bahati tu, pengine ni umri tuliokuwa nao kilipotuingia. Na yule asiyepimwa apimwe, alisema, maana hata wa tumbo moja hawachoti sawasawa. Mama hakumwelewa vizuri kwa kile Kiswahili cha hospitali, akanigeukia. Mimi nikamfasiria kwa ufupi kwamba damu yake haikai na kirusi. Zile pengine zote za daktari nilizitupa palepale. Mama akasema alhamdulillahi na kufuta macho kwa ncha ya kanga.

Ndugu yangu aliporudi kutoka safari nyingine ya Bweni nilimpokea na habari hiyo hata begi hajatua. Nilimwambia watoto wa mama huyu kirusi kikiingia kinakula kona. Alisikiliza, akanitazama, akamtazama mama anayepuliza moto jikoni. Sijawahi kumwona na uso ule, si siku ya harusi yake wala siku aliyozaliwa binti yake wa kwanza. Nilidhani amefurahia afya. Akenda pwani akawaambia mafundi wenzake, wao kwao homa ya ini haishiki, damu ya mama yao ni kali. Wakamtania wiki nzima, wakimwita mzee wa damu kali, na yeye anacheka.

Sasa nisikilizwe hapa, maana hapa ndipo penyewe. Watafiti walirudi kuwapima wale waliokosekana mara ya kwanza. Nilimpigia simu aje zahanati, akaja. Alisimama mlangoni, mikono ina mafuta mpaka kwenye viwiko, akaona watu wamekaa foleni wamekunja mikono ya nguo. Akaniita pembeni akaniambia ana chombo kimefunguliwa nyufa na maji yanakuja kujaa, kikikutwa vile kitazama. Ningeweza kumkamata. Nimewakamata watu wazima kuliko yeye, nimewavuta kwa mkono, nimewatolea maneno. Daktari alikuwa hatua tano nyuma yangu na sindano tayari. Nikamwambia, "Nenda bwana, wewe una haraka gani? Majibu yako tunayajua." Akaenda mbio kuwahi chombo chake.

Maneno yale niliyasema mimi. Hakuna aliyenilazimisha.

Baada ya miaka kama miwili akaanza kupungua. Kwanza tukasema kazi, kisha tukasema mawazo. Mke wake akasema hali chakula, akila kidogo tumbo linajaa. Mimi nikampa dawa za vidonda vya tumbo, kwa ujuzi wangu huuhuu wa begi mgongoni. Watu wakasema husda, kuna fundi mwenzake alimwonea kijicho, akapelekewa kombe, maji ya aya za Kurani, anywe. Homa ya ini hakuna aliyeitaja. Nani aitaje? Sisi ndio wale tusioshikwa. Mpaka siku nilipomkuta barazani kwa mama anakunywa chai, jua limempiga usoni, nikaona weupe wa macho yake umekuwa manjano. Niliingia ndani nikasingizia natafuta sukari.

Kutoka Jibondo tulivuka hadi Kilindoni, pale hospitali wakamtazama kwa mashine wakasema aende Dar. Tukapanda boti ya Nyamisati, kisha basi, mimi na yeye tu, maana mke wake alibaki na watoto. Njiani alikuwa ananiomba radhi kwa kunisumbua. Nikamfokea anyamaze, nikageukia dirishani nikalia.

Ilikuwa saratani ya ini, na ilikuwa imekwenda mbali. Kirusi kilimkalia tangu utotoni. Daktari wa zamu alisema, bila kujua anayemwambia ni nani, kwamba laiti angepimwa miaka miwili nyuma, angepewa kidonge kimoja kila siku na kutazamwa ini mara kwa mara, na mambo yangeweza kuwa mengine. Alisema hivyo halafu akaendelea na kitanda cha pili.

Yule daktari wa utafiti anafanya kazi huko huko Dar. Nilimpigia, akaja siku ya pili na faili la nyumba yetu kwapani. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Alikuwa na mshangao wa kitaalamu, sikumlaumu. Mama na watoto wanne wamekitimua, na huyu mmoja kimemla. Alitaka damu yake, alisema, maana mfano kama huu ungefundisha mengi. Halafu akafungua ukurasa wa mbele, akaweka kidole kwenye jina lake, akaniuliza kwa upole kama nina hakika kwamba huyu ni mtoto wa mama yule.

Nikasema ni mtoto wake. Akanisubiri. Nikasema ni ndugu yetu wa ziwa.

Kwao bara na katika dini yake hilo halipo, ikabidi nimweleze kutoka mwanzo, jirani, msiba, kulia na kushoto. Nilipokuwa naeleza ndipo nilijisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mimi niliyemkatalia bibi wa watu mjukuu wake. Mimi niliyefundishwa siku mbili. Nikamuuliza, huku nikijua ninauliza upuuzi, kama hayo maziwa aliyonyonya miaka miwili hayakumpa hata kidogo kile tulichopewa sisi.

"Maziwa hayabebi hilo," alisema. "Yanamlinda mtoto kwa miezi. Yanamlisha, yanamkuza. Lakini vile mwili ulivyoumbwa, hapana."

Nilitaka anikaripie. Nilimwambia nilivyomrudisha mlangoni siku ile ya foleni, nikangoja anikaripie, lakini hakunikaripia. Akasema hata yeye hawezi kujua. Pengine ni maumbile aliyochota kwa wazazi wake, pengine ni kwa sababu alikipata siku ileile aliyozaliwa, na mtoto mchanga hana walinzi, kirusi kinamkuta mlango wazi. Pengine angekuwa wa tumbo moja nasi na bado kingemkalia. Zile pengine nilizozitupa mkekani kwa mama zote zikanirudia pale kwenye benchi, na safari hii sikuwa na pa kuzitupa. Ningepewa jibu moja, hata baya, ningelishika. Akauliza mama yake mzazi alikufa kwa nini.

Sikuwa najua. Nikampigia mama simu, nikazunguka maneno, nikamuuliza taratibu kama anakumbuka yule mama yake alivyougua. Mama akasema, "Mama yake ni mimi, na mimi sijafa," akakata simu.

Nikaingia wodini. Alikuwa amelala chali, tumbo limepanda chini ya shuka, mikono yake ile iliyokuwa haitoki mafuta imekuwa safi kama ya karani. Nikamwambia yote. Sikujua kusema kwa mpango, nilimwaga tu: fomu, ukurasa wa mbele, mama mmoja, na kwamba damu ya mama haikuwahi kuwa yake, na mimi niliyajua hayo yote na sikuyajua. Nikamwambia ni mimi niliyemuua. Alinisubiri nimalize, kama kawaida yake.

"Na ungewaandikia nini?" aliniuliza.

Nikavuta shuka nikamfunika miguu.

Baadaye, akipumzika kila baada ya maneno machache, aliniambia kwamba yeye alijua. Baba yake, safari ya mwisho kabla hajafia huko baharini, alimweleza kwamba mama yake mzazi alikufa macho yakiwa manjano na tumbo limejaa. Alikuwa na miaka kumi na tano wakati huo. Hakumwambia mtu, maana kwa mama habari hiyo haikuwa na pa kukaa. Nilipompokea na habari ya damu kali, alisema, alijua huenda si yake, lakini ilikuwa mara ya kwanza karatasi ya serikali kumtaja yeye na sisi kwa pamoja. Siku ile ya foleni alisimama mlangoni akafikiri sindano itamwambia kwamba yeye ni mtu baki. Chombo chenye nyufa kilikuwepo kweli, lakini kilikuwa juu ya magogo, maji hayakukifikia. Nilimtukana. Nilimwita mjinga, nikamwita bwege, nikamshika mkono nikaulaza shavuni kwangu. Akaniomba mama asiambiwe. Nikamwahidi.

Hospitali walituruhusu, maana yake hawakuwa na la kufanya. Alitaka kulazwa kwa mama, na mke wake, Mungu amlipe, hakukataa, alihamia naye. Alikaa siku kumi na moja. Mama hakumwachia mtu kijiko. Alimpikia uji wa mchele, akamlisha matone, akamfuta, akamwimbia zile nyimbo za kubembelezea watoto mbele za watu bila haya, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Mkewe na wale mabinti nilihakikisha wamepimwa wiki ile ile, niliwashika mkono mmoja mmoja mpaka kwenye sindano. Wako salama, mabinti walichanjwa wakiwa wachanga. Ndilo la kushukuru pekee nililonalo katika habari hii. Alikata roho kabla ya adhuhuri, kichwa kikiwa mapajani kwa mama.

Wanaume walipokuwa wanamwosha katika ua wa nyuma, mama alinishika mkono akanivuta chumbani. Nilidhani anataka kunipa sanda au udi. Alikuwa mkavu wa macho. Akaniuliza mbona damu yake imetuponya sisi na haikumponya yule. Nikasema ni mipango ya Mungu. Akasema hilo analijua, anauliza la hospitali. Kisha akashika kifua chake juu ya kanga, upande ule.

"Au maziwa yangu ya upande huu yalikuwa mepesi? Niambie mwanangu, wewe umesoma. Au nilimpunja?"

Yarabi. Nikamwambia maziwa yalikuwa mazito. Nikamwambia daktari mwenyewe amesema, yalimlinda, yalimlisha, yalimkuza, bila yale asingefika hata wiki. Kila neno lilikuwa kweli na nilijiona mwongo wa kupigwa mawe. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea salamu za mbali, akatoka kwenda kukaa na wafiwa wenzake.

Siku ya tatu ikasomwa hitma. Baada ya watu kula na wengine kutawanyika, shekhe alibaki barazani na wanaume wa ukoo, akataka kuwajua warithi ili jambo lisije likalala. Sisi wanawake tulikuwa ndani, pazia limefungwa nusu, tunasikia kila kitu. Shekhe huyu si wa Jibondo, aliletwa kutoka Kilindoni, hakutujua. Akauliza mjane, akatajiwa. Akauliza watoto, akatajiwa mabinti wawili. Akauliza baba, wakasema alishafariki.

"Na mama wa marehemu, yuko hai?"

Sheria ya mirathi kila mtu pale aliijua: mama wa kunyonya hana fungu, hatajwi. Lakini nani alitaje hilo, na mama yuko nyuma ya pazia? Kaka mkubwa alikohoa. Wazee walitazama miguu yao. Shekhe akauliza tena, akidhani hakusikika. Nikaona sasa ni mimi, mwenye mdomo, mwenye kujua kujaza fomu. Nilinyanyuka nusu. Nikakaa tena.

Mama alikuwa ameketi mkekani kati ya mabinti wa marehemu. Hakugeuka kumtazama mtu.

"Mama yake alishafariki," alisema, sauti ikavuka pazia. "Alimwacha na siku thelathini na tatu."

Shekhe akamwombea rehema mama yule wa zamani, maghufira na nuru kaburini, kwa sauti ndefu kama inavyostahili. Mama akaitikia amin pamoja nasi.